Mikono ya Siku za Majilio

Leo twataka kuwasimulia habari za majuma manne yatanguliayo Krismasi, ambayo Wakristo huyaita Majilio, yaani siku za kumngojea Bwana ajaye. Hatutasema juu ya ibada za siku hizo, kwani hiyo ni kazi ya mapadre na wachungaji. Twataka kusema juu ya vitu ambavyo watu wa Ujerumani walizoea kuvitengeneza kwa mikono yao, nyumbani na shuleni, walipokuwa wakingoja: mkate mtamu wa sikukuu, vibiskuti vya asali na viungo, gurudumu la mishumaa, na nyota ya karatasi.

Tumechagua nchi ya Ujerumani kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba desturi nyingi za Majilio zilizoenea duniani zilianzia huko. Sababu ya pili ni kwamba habari hii, ingawa yaanza katika nchi ya theluji na misonobari, haiwezi kusimuliwa yote bila kufika pwani yetu wenyewe, katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Jambo hilo tutalieleza kwa utaratibu wake.

Tena liko neno moja ambalo twaomba lishikwe tangu mwanzo. Leo vitu hivi vyote huuzwa madukani, vimefungwa kwa karatasi za kumetameta, na mtu avionapo hudhani ya kuwa vilianza katika majumba ya wafalme au katika viwanda vya matajiri. Sivyo. Vilianza zaidi katika mikono ya watu wadogo: watoto wa mabweni, mayatima, akina mama wa nyumbani, walimu wa shule. Matajiri walikuja nyuma. Na mikono ya kwanza ikasahauliwa.

Tuanze na mkate. Katika mji wa Dresden, nchi ya Sachsen, kuna mkate uitwao Stollen. Ni mkate mzito wa ngano na hamira, wenye siagi nyingi, zabibu kavu, lozi na maganda ya machungwa yaliyokolezwa sukari, nao hunyunyiziwa sukari nyeupe juu hata ukaonekana kana kwamba umeangukiwa na theluji. Jina lake limeandikwa katika hesabu za hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo ya mji huo za mwaka 1474. Lakini mkate wa siku hizo haukuwa na utamu. Majilio yalikuwa siku za kufunga. Siagi na maziwa vilikatazwa, na waokaji walitumia unga, hamira, maji na mafuta ya mbegu. Watu wa Sachsen wakanung'unika. Nchi yao haikuwa na zeituni, na mafuta mazuri yalikuwa ghali. Watawala wao wakapeleka maombi Roma, na mwaka 1491 Papa Innocent wa VIII akaandika barua ya kuwaruhusu kutumia siagi, kwa sharti la kutoa fedha kwa kazi za Kanisa. Kwa barua hiyo mkate wa kufunga ukaanza kugeuka kuwa mkate wa kufurahi.

Wengi husimulia habari za mkate mkubwa mno aliouagiza mtawala wa Sachsen, Augusto aliyeitwa Mwenye Nguvu, mwaka 1730, huko Zeithain, alipokuwa akiwaonyesha wageni wake majeshi yake. Uzito wake ulikuwa karibu tani mbili. Lakini yafaa tukumbuke ya kuwa karamu ile ilifanywa mwezi wa Juni, wala haikuhusu Krismasi. Ilikuwa karamu ya kujionyesha. Mkate wa Krismasi hasa ulikuwa mahali pengine. Akina mama wengi wa Sachsen hawakuwa na tanuri nyumbani. Mwaka mzima waliweka akiba ya siagi, zabibu na lozi kidogo kidogo, na siku ya kuoka ilipofika walivichukua vitu vyao kwa mwokaji wa mtaa ili awaokee. Na kwa kuwa mikate ya nyumba nyingi iliingia pamoja katika tanuri moja, kila mama alichomeka katika mkate wake kibati kidogo chenye alama au jina la nyumba yake, mikate isije ikapotezana. Sisi twaona ya kuwa kibati kile chafaa kukumbukwa kuliko tani mbili za Augusto, kwa maana chaonyesha nyumba iliyojinyima mwaka mzima ili siku moja iwe na kitu cha kuwapa watoto na majirani.

Sasa tuje kwenye vibiskuti vya asali, ambavyo Wajerumani huviita Lebkuchen. Mji wa Nürnberg ndio uliopata sifa yake. Karibu na mji huo palikuwa na msitu mkubwa wa mfalme wenye nyuki wengi, na tena njia za biashara zilizotoka Venezia kwenda kaskazini zilipita hapo, zikileta tangawizi, mdalasini, iliki, kungumanga na karafuu. Asali ilitoka msituni na viungo vilitoka ng'ambo. Vilipokutana, kazi ikazaliwa. Mwaka 1643 waokaji wa vibiskuti hivyo mjini Nürnberg walipata chama chao wenyewe, tofauti na waokaji wa mikate ya kila siku.

Kazi yake yataka subira. Asali huchemshwa kidogo, huchanganywa na unga na viungo, kisha kinyunya huachwa mahali pa baridi majuma kadhaa, hata miezi, ili kikomae. Ili kifure, mabibi wa zamani walitia chumvi itokanayo na majivu ya kuni, kitu kilicho jamaa ya magadi yetu ambayo hulainisha maharagwe na kande. Kwa hiyo mama aliyetaka vibiskuti vya Krismasi ilimpasa kuanza kazi kabla baridi kali haijaingia. Wahenga wetu walisema subira yavuta heri, na katika jiko la Nürnberg neno hilo lilikuwa kanuni ya upishi.

Hapa twataka kusahihisha wazo moja la watu wengi. Husemwa ya kuwa kuoka vibiskuti nyumbani kabla ya Krismasi ni desturi ya kale sana. Kwa matajiri, huenda. Lakini kwa watu wa kawaida ni desturi ya karne ya 19, nayo iliwezekana kwa sababu ya mambo matatu. La kwanza ni jiko la chuma lenye tanuri ndani yake, ambalo liliingia katika nyumba za wafanyakazi na wakulima badala ya moto wa wazi. La pili ni sukari. Hapo zamani sukari ya miwa ililetwa kutoka visiwa vya mbali, nayo ililimwa na watumwa na kuuzwa kwa bei kubwa. Mwaka 1747 mtaalamu Andreas Marggraf wa Berlin aligundua ya kuwa namna moja ya kiazi, yaani bitiruti, ina sukari iliyo sawa na ya muwa. Na mwanzo wa karne ya 19 mwanafunzi wake Franz Achard akajenga kiwanda cha kwanza cha sukari hiyo huko Silesia. Miaka ilipopita, sukari ikashuka bei hata maskini akaweza kununua kidogo. Jambo la tatu ni viungo kuwa rahisi, na hilo ndilo litakalotuleta kwetu. Lakini kwanza tuangalie kazi za mikono za watoto.

Mwaka 1833 kijana mmoja wa mji wa Hamburg, jina lake Johann Hinrich Wichern, alifungua nyumba ya kuwalea watoto maskini na mayatima waliokuwa wakizurura mitaani. Nyumba hiyo yaitwa Rauhes Haus. Watoto wale, kama watoto wote, walimsumbua kila siku wakiuliza, “Krismasi ni leo? Krismasi ni kesho?” Wichern hakuwakemea. Katika Majilio ya mwaka 1839 alichukua gurudumu la zamani la gari, akaweka juu yake mishumaa: minne mikubwa myeupe kwa siku za Jumapili, na midogo myekundu 20 kwa siku nyingine. Kila jioni mshumaa mmoja uliongezwa kuwashwa. Mtoto asiyejua kusoma aliweza kuhesabu kwa macho siku zilizobaki, na kadiri siku zilivyopungua ndivyo mwanga ulivyozidi. Baadaye gurudumu likavikwa majani mabichi ya msonobari, nayo mishumaa ikapunguzwa ikabaki minne tu. Na hivyo ndivyo lilivyoingia katika makanisa na nyumba za nchi nyingi. Watu wengi huliwasha leo. Ni wachache wajuao ya kuwa lilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa mitaani, na kwa kitu kilichokuwa kimeshatupwa.

Kalenda ya Majilio nayo ilianza hivyo hivyo. Katika nyumba za kawaida wazazi walichora mistari 24 kwa chaki mlangoni, na mtoto alifuta mmoja kila siku. Mama mmoja wa Maulbronn alimshonea mwanawe Gerhard Lang vibiskuti vidogo 24 juu ya karatasi nene, ale kimoja kila siku. Mtoto yule alipokuwa mtu mzima alikuwa mchapaji huko München, na mnamo mwaka 1908 akachapisha kalenda ya picha 24 kwa kukumbuka kazi ya mama yake. Tangu hapo kalenda zimekuwa biashara kubwa. Jina la mwana limeandikwa katika vitabu. Mama mwenye sindano na vibiskuti hutajwa kwa kuwa ni mama yake tu.

Sasa nyota. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walijenga kijiji cha Herrnhut katika shamba la Zinzendorf, bwana mkubwa wa Sachsen. Kutoka kijiji hicho kidogo walitoka wamisionari waliokwenda mbali: visiwa vya Karibi mwaka 1732, Greenland mwaka 1733, Afrika Kusini mwaka 1737, Labrador mwaka 1771, na mwaka 1891 wakafika kwetu, Rungwe, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Wamisionari hao waliwapeleka watoto wao katika shule za bweni Ujerumani, wangali wadogo. Barua ilikawia miezi mingi, na wako watoto ambao hawakuwaona tena wazazi wao.

Katika mji wa Niesky Wamoravia walikuwa na shule kubwa ya wavulana, na mwaka 1821, shule ilipoadhimisha miaka 50, nyota ya karatasi yenye ncha 110, iliyowashwa taa ndani, iliangikwa uani. Yasimuliwa ya kuwa mwalimu wa hesabu aliitumia kazi hiyo kuwafundisha wanafunzi habari za maumbo. Nasi tulio walimu twaweza kuona mara moja jinsi somo hilo lilivyo zuri. Nyota iliyo maarufu leo ina kiini chenye nyuso 26: nyuso 18 za mraba na 8 za pembetatu. Uso mmoja wa mraba huachwa wazi kwa taa na kamba. Zabaki 25, na juu ya kila uso hugandishwa ncha moja. Basi ncha 17 zina tako la mraba na ncha 8 zina tako la pembetatu. Mwanafunzi akikosea kipimo cha ncha moja, nyota nzima hukataa kufungika. Hakuna haja ya mwalimu kumwambia amekosea. Karatasi yenyewe itamwambia.

Ikawa desturi mabwenini kukata na kugandisha nyota Jumapili ya kwanza ya Majilio. Wale watoto wa Greenland na Suriname na Afrika, ambao hawakuwa na nyumba ya kurudi wakati wa sikukuu, walifanya nyumba yao kwa karatasi, gundi na mshumaa. Mwisho wa karne ya 19 mwuza vitabu wa Herrnhut, Pieter Hendrik Verbeek, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Niesky, alianza kutengeneza nyota za kuuza. Kisha kikaja kiwanda, nacho chafanya kazi mpaka leo. Hatukilaumu kiwanda. Kimewapa watu wengi kazi, nacho kimeiokoa nyota isipotee. Lakini anunuaye nyota yafaa ajue ya kuwa ilibuniwa katika shule, na kwamba mikono iliyoieneza kwanza ilikuwa mikono ya watoto waliokuwa na hamu ya mama zao.

Tumesema mambo matatu yaliwezesha kuoka nyumbani, na la tatu lilikuwa viungo. Basi tuitazame karafuu, ambayo harufu yake ndiyo hasa harufu ya vibiskuti vya Krismasi. Kwa karne nyingi mikarafuu ilimea katika visiwa vya Maluku tu, mashariki ya mbali, na Waholanzi waliilinda kwa ukali ili bei isishuke. Katika karne ya 18 Wafaransa walifaulu kuchukua miche mpaka Morisi, na mwanzo wa karne ya 19 mkarafuu ukafika Unguja. Seyyid Said, Sultani wa Omani aliyehamia Unguja, akahimiza upandwe kote Unguja na Pemba. Katika nusu ya pili ya karne hiyo sehemu kubwa sana ya karafuu za dunia ilitoka katika visiwa hivi viwili. Tufani ya mwezi wa Aprili 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika nafasi ya mbele. Miji ya biashara ya Ujerumani, Hamburg ukiwa mmoja wao, ilikuwa imekwisha kufanya mkataba na Sultani mwaka 1859, na merikebu zake zilikuwa zikifika Unguja. Hivyo mji ule ule wa gurudumu la Wichern ulikuwa mlango mmoja wa kupitia mali ya pwani yetu.

Ni nani aliyechuma karafuu zile? Kila mtu wa Pemba aijua kazi yenyewe. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, kichala kwa kichala. Mchumaji hupanda juu ya mti, na matawi ya mkarafuu huvunjika upesi. Kisha huchambuliwa, makonyo yakatengwa, na karafuu huanikwa juu ya majamvi mpaka zigeuke rangi ya kahawia. Mvua ikija ghafula, watu wote hukimbilia majamvi. Katika karne ya 19 wengi walioifanya kazi hiyo walikuwa watumwa, waliotekwa bara na kuletwa kwa majahazi. Na utumwa haukuondolewa kisheria katika Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Mithali yetu yasema mchumia juani hulia kivulini. Ni mithali ya watu huru. Mtumwa alichuma juani, na aliyekula kivulini alikuwa mtu mwingine, ng'ambo ya bahari, asiyejua hata jina la kisiwa.

Hatusemi haya ili kuwahukumu akina mama wa Sachsen na Nürnberg. Mama aliyenunua karafuu za senti chache ili awapikie wanawe hakufanya uovu kwa kujua, naye mwenyewe alikuwa mara nyingi mtu wa mikono iliyochoka. Wala hatusemi ili kumfanya mtu aone haya kwa furaha ya sikukuu. Twasema kwa sababu historia isiyouliza ni mikono ya nani hubaki na mkate wa Augusto wa tani mbili, ikapoteza kibati cha mama, na nyota ya mtoto wa bwenini, na jamvi la mchuma karafuu.

Liko jambo moja la kututosha sisi walimu na wazazi. Wako watu waliosoma ambao huidharau kazi ya mikono, wakidhani ya kuwa elimu ni kalamu peke yake, na kwamba kitu cha kununua kina heshima kuliko kitu cha kutengeneza. Habari hii yawapinga. Wichern alikuwa amesoma sana, naye alichukua gurudumu la kutupwa. Mwalimu wa Niesky alijua hesabu, naye aliziweka katika karatasi na gundi. Tena vitu hivi havihitaji theluji wala misonobari. Karatasi ya daftari iliyokwisha andikwa yatosha kwa nyota. Ukindu na miyaa, ambavyo mama zetu hufumia mikeka kwa ustadi mkubwa, vyafaa kwa taji ya mishumaa. Na tangawizi, iliki, mdalasini na karafuu, ambazo Mzungu alizingoja kutoka ng'ambo, kwetu zi karibu na mlango.

Basi Majilio yajapo, mwalimu awape watoto mkasi na karatasi, na mama awape unga na kinu cha kutwangia viungo. Mikono yao ikiwa kazini, masikio yao huwa tayari kusikiliza. Hapo ndipo wakati mzuri wa kuwaambia habari za gurudumu, na za watoto wa Niesky. Na karafuu ikisha kutwangwa, harufu ikajaa nyumba, waambiwe pia ni nani waliokuwa juu ya mti.